Jino limetoka, shimo limebaki

Mama aling'olewa gego la chini asubuhi, na saa nane usiku bado alikuwa anatema damu kwenye beseni. Nimekaa pembeni yake kitandani na tochi ya simu, kila baada ya dakika mbili tatu namwambia mama hebu fungua nione, na kila nikimulika naona kitu kilekile, donge jekundu lililoiva mpaka linakaribia weusi, laini kama ini, limening'inia juu ya ufizi na kufunika nusu ya jino la jirani. Na mimi kwa akili yangu nikawa nalilinda hilo donge, maana si tunaambiwa damu ikishaganda ndo pona yenyewe? Nikamwambia asiliguse hata kwa ulimi. Akawa anameza damu, anasukutua, anatema, anasukutua tena, foronya mbili zimeshaharibika na ile gozi, kitambaa cha hospitali cha kung'atia, aliyopewa asubuhi ilishalowa zamani.

Mama ana vali ya bandia kwenye moyo kwa hiyo anakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, miaka mingi sasa. Mjomba akapiga simu usiku ule akasema hizo dawa ziachwe mara moja, si ndo zinazomtoa damu? Kiukweli nilikaribia kukubali.

Tulipofika hospitali daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo tu, akavaa glavu, akachukua gozi kavu, akalifuta lile donge lote akalitupa. Nilishtuka nikapaza sauti. Akanijibu huku anaendelea na kazi, "Hili sio kinga, hili ndo linatusumbua. Damu inatoka chini yake, na likiwa hapa hakuna kinachofika kule chini." Akasafisha, akavuta mate kwa mpira wa kufyonzea, akakunja kitambaa cheupe kidogo kama ukucha wa kidole gumba akakisukuma ndani ya shimo, na kile kitambaa kikageuka rangi mbele ya macho yangu, cheupe, kahawia, cheusi. Akashona uzi unaopishana juu ya shimo kama namba nane. Akalowesha gozi kwa dawa isiyo na rangi, akaikunja nene, akamwambia, "Mama, ng'ata hapo kwa nguvu, usiongee, usiteme, nusu saa." Nikawa naangalia saa ya ukutani. Nusu saa ilipoisha akafungua, pakavu. Kipimo cha damu, ile INR inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilikuwa 3.1, na kwenye karatasi akaandika warfarin iendelee kama kawaida.

Sikulala tena. Mimi sio daktari, ila tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kusoma kuhusu hili shimo na kuwachosha madaktari wa meno kwa maswali, na nimeona niyaandike hapa kwa sababu wengi wetu tunadhani kung'oa jino ni jambo linaloisha jino likishadondoka kwenye sahani ya chuma.

Tuanze na damu yenyewe. Ukijikata kidole mishipa inajibana, nyama inajibana, unabonyeza kidogo yamekwisha. Shimo la jino haliwezi kujibana, kuta zake ni mfupa. Mishipa midogo iliyokuwa inalisha mzizi imekatika yote kwa wakati mmoja, midomo yake imebaki wazi ndani ya ukuta mgumu, na juu kuna mate, kuna ulimi usiotulia, kuna kumeza na kuongea, na mate yenyewe yanasaidia kuyeyusha damu iliyoganda. Ndo maana kitu cha kwanza na cha maana kuliko vyote ni gozi na meno yako mwenyewe kukandamiza, dakika 20 mpaka 30 bila kufungua fungua kuchungulia. Mimi na tochi yangu nilikuwa namfungulisha mama kila baada ya dakika mbili! Kila alipofungua tulikuwa tunaanza upya, na kule kutema na kusukutua kulikuwa kunang'oa kile kidogo kilichojaribu kushika.

Ndani ya shimo chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vya kuziba jeraha, ndo zinafika kwanza, zinanata kwenye jeraha na kunatana zenyewe kwa zenyewe. Halafu inaingia thrombini, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuigeuza fibrinojeni, protini inayotembea kwenye damu siku zote bila kufanya kelele, iwe nyuzi. Nyuzi hizo zinaitwa fibrini na zinasukana kuwa wavu, chembe nyekundu zinanasa humo, na hapo ndo unapata donge. Mtu wa warfarin hajakosa chembe sahani, anachopungukiwa ni zile protini za kugandisha, kwa hiyo donge lake linachelewa na wakati mwingine linakuwa legelege, linajaa juu juu na kuning'inia kama lile la mama huku chini panaendelea kuvuja.

Na hapa ndo pana jambo lililonibadilisha kabisa. Ule wavu sio kizibo tu, ni kiunzi. Ndani ya siku chache seli zinaanza kupanda kwenye zile nyuzi kama mafundi wanavyopanda kwenye mbao za kujengea, mishipa mipya inachipua, ndani ya wiki hivi donge limeshaanza kugeuka nyama changa, kuanzia wiki ya pili ya tatu mfupa mchanga unaanza kuota kutoka chini na pembeni kuelekea katikati, na kwenye miezi miwili mitatu shimo lina mfupa mchanga ambao utaendelea kukomaa miezi mingine mingi. Yaani damu iliyokaa vizuri chini ya shimo ndo mwanzo wa mfupa. Ikiondoka mapema, mfupa unabaki uchi, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne unakuja ule uchungu wa shimo kavu unaopanda mpaka sikioni, ambao waliopitia hawahitaji kusimuliwa. Kwa ung'oaji wa kawaida unawapata wachache, ila magego ya mwisho ya chini yanaongoza, na uvutaji sigara unaongeza sana.

Kile kitambaa cheusi cha mama kilikuwa selulosi iliyooksidishwa, nyuzi za mmea zilizobadilishwa kikemikali. Ina tindikali, na hiyo tindikali ndo inayoibadilisha damu rangi na kuifanya igande haraka, na pia inawabana bakteria. Ni nzuri sana, ila daktari mmoja alinieleza kwamba haijazwi tu mpaka ifurike, kwa sababu tindikali hiyohiyo inaweza kuusumbua mshipa wa fahamu kama shimo limeukaribia, hasa kule kwenye magego ya mwisho ya chini, na ikibaki nyingi inauchelewesha mfupa. Kuna sifongo ya jelatini, hii imetumika tangu miaka ya 1940, yenyewe inafyonza damu mara nyingi ya uzito wake, inavimba, inakuwa kama mto wa kuegemezea donge, na inayeyuka ndani ya wiki nne mpaka sita. Kuna kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, inakuja kama koni ndogo nyeupe yenye umbo la mzizi, na hii mimi ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu chembe sahani zikigusa kolajeni zinaamka, ndo kitu kilekile zinachokutana nacho mshipa ukichanika. Sifongo inasubiri damu ije. Kolajeni inaiita.

Halafu kuna kaitosani. Inatengenezwa kutoka kwenye maganda ya kamba na kaa, ina chaji chanya, na ngozi ya chembe nyekundu ina chaji hasi, zikikutana zinavutana na kushikana hata kama mfumo wa kawaida wa kugandisha damu umelegezwa na dawa. Kwa watu wa warfarin hiyo ni habari kubwa, kwa sababu haisubiri thrombini. Mwenye mzio wa kamba, kaa na jamii yao amwambie daktari kabla.

Na ile dawa isiyo na rangi kwenye gozi ilikuwa asidi ya traneksamiki. Hii ilitoka Japani, kwa mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza mwaka 1962, na mama Okamoto alichokuwa anakitafuta ni kitu cha kuokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Yenyewe haigandishi damu. Inazuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyushwe, inakaa pale ambapo kile kimeng'enya cha kukata fibrini kilitaka kushika, kinakosa pa kushika. Mdomoni, ambapo mate yanapigana na donge usiku na mchana, ndo dawa yenyewe. Mama alipewa ya kusukutua ya asilimia 5, anaijaza mdomoni polepole dakika mbili, mara nne kwa siku, anaiachia itoke yenyewe bila kutema kwa nguvu, siku chache tu.

Kuhusu kuacha warfarin nataka niseme kwa herufi nzito kama ningeweza. Damu ya fizi inaonekana, inatisha, inachafua shuka, lakini inafikika kwa kidole na uzi. Donge likijifunga kwenye vali ya moyo au likapanda kichwani hulifikii kwa gozi. Miongozo ya madaktari wa meno, ukiwemo wa Uskoti, inataka INR ipimwe ndani ya saa 24 kabla, au 72 kwa mtu ambaye vipimo vyake vimetulia, na ikiwa chini ya 4 jino ling'olewe dawa ikiendelea, vitu vya kuzuia damu vikiwa tayari mezani. Dawa mpya mpya za kuzuia damu isigande kama apixaban na rivaroxaban zina utaratibu wake, kwa wengine dozi ya asubuhi inasogezwa, na anayesogeza ni daktari. Mjomba asisogeze. Nampenda mjomba wangu ila kwa hili alikosea, na mimi nilikaribia kukosea naye.

Hayo ni ya damu. Ya mfupa niliyajua baadaye, kwenye mdomo wangu mwenyewe.

Miaka sita kabla ya usiku wa mama niling'olewa jino la juu, lile la pili nyuma ya chonge. Lilitoka kwa shida, lilivunjika, wakachimba, ukuta wa nje wa mfupa ukaondoka na kipande cha mzizi, nikapewa dawa za maumivu nikaenda zangu. Hakuna aliyeniambia kitu kuhusu mfupa na mimi sikujua kama kuna cha kuuliza. Fizi ilijifunga vizuri, nikasahau. Siku nilipotaka kuweka implanti, ile skrubu inayopandwa kwenye mfupa ibebe jino la bandia, daktari akanikalisha mbele ya kompyuta, akafungua skeni, akaikata taya yangu vipande vipande kama mkate uliokatwa slesi, akafika pale. Pembeni kote taya ilikuwa nene, mviringo, lakini pale palikuwa pamebanwa kama mtu aliyeminya udongo mbichi kwa vidole viwili. Akavuta mstari wa kupimia, milimita 3.8. Implanti yenyewe ina upana wa kama milimita 4, na inatakiwa mfupa wa milimita moja mpaka moja na nusu kila upande. Hesabu haikuhitaji maelezo. Nilikaa kwenye kile kiti nikahisi kama nimeibiwa kitu ambacho sikujua kama nilikuwa nacho.

Kumbe ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu, tofauti ni kiasi. Mwaka 2003 walitoka na utafiti Denmark, wakafuatilia watu 46 waliong'olewa magego makubwa na madogo, upana wa taya pale shimoni ukashuka kwa karibu nusu ndani ya miezi 12, wastani kutoka milimita 12 mpaka kama 6, na theluthi mbili ya upotevu huo ulitokea ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Miezi mitatu! Wakati wewe bado unasubiri kuona kama utazoea kutafunia upande mmoja.

Na sababu yake ni ya kusikitisha kidogo ukiifikiria. Jino halijagandishwa kwenye taya kwa gundi, limening'inizwa na nyuzi nyuzi fupi nyingi zinazoingia kwenye mzizi upande mmoja na kwenye ukuta wa shimo upande wa pili. Ile tabaka ya mfupa inayozipokea hizo nyuzi ipo kwa ajili ya jino tu. Jino likiondoka nyuzi zinakufa, damu iliyokuwa inapita humo inakatika, na mwili unaikusanya hiyo tabaka kama hema ambalo sherehe yake imeisha. Sasa ukuta wa nje, upande wa shavuni na mdomoni, ni mwembamba sana, kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata milimita moja, maana yake karibu wote ni hiyo tabaka. Unapotea karibu wote. Mfupa mpya unajaza shimo kwa ndani huku ukuta wa nje unaporomoka, na hizo kazi mbili zinaenda pamoja, wiki zilezile.

Kuna mwaka mmoja ambao huwa naurudia kichwani, 1892. Mwaka huo Uingereza mpasuaji Victor Horsley aliandika kuhusu nta ya kuzuia damu ya mfupa, nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta na dawa kidogo, unaipaka kwenye mfupa unaovuja, inaziba, damu inasimama papo hapo. Mwaka huohuo Ujerumani Dreesmann akaripoti kwamba amejaza mashimo ya mifupa ya wagonjwa kwa jasi, hiihii plasta ya kufungia mguu uliovunjika. Vitu viwili, mwaka mmoja. Nta inasimamisha damu vizuri sana, lakini haiyeyuki, miaka ikipita bado ipo, na pale ilipo mfupa hauoti, mwili unaizungushia kovu. Jasi haina ujanja mwingi, inashika nafasi tu, halafu ndani ya wiki kadhaa inayeyuka na mfupa unaingia ilipokuwa. Kila nikisoma kuhusu kitu kipya cha kuweka kwenye shimo la jino, swali langu la kwanza ni hilohilo: hiki kitaondoka lini, na kikiondoka kinamwachia nani nafasi? Kwa sababu cha kuzuia damu kinatakiwa kukaa siku, cha kulinda mfupa kinatakiwa kukaa miezi, na ukivichanganya unaweza kushinda usiku wa kwanza ukashindwa mwaka mzima. Jasi yenyewe ina kasoro ya upande wa pili, wakati mwingine inaondoka haraka kuliko mfupa unavyokuja.

Punje za kujaza shimo ili taya isiporomoke zinatoka sehemu nne. Mfupa wako mwenyewe, uliochotwa sehemu nyingine ya taya, huu ndo wenye seli hai, ila unakuachia kidonda cha pili. Mfupa wa binadamu mwingine aliyejitolea, uliosafishwa na kukaushwa. Mfupa wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, ulioondolewa kila kitu chenye uhai mpaka yakabaki madini matupu na vitundu vyake. Na wa kutengenezwa, ama madini kama ya mfupa, yaani haidroksiapataiti na trikalisiamu fosfeti, au glasi. Haidroksiapataiti inakaa sana, trikalisiamu fosfeti inayeyuka kwa miezi, wengine wanazichanganya ili moja iondoke mapema nyingine ibaki ikishikilia. Zile za ng'ombe zinakaa miaka, ukichukua kipande cha mfupa baadaye bado unaziona zimezungukwa na mfupa mpya, na hiyo ndo faida yake kwenye kushikilia umbo, na ndo lalamiko la wale wanaotaka mfupa wao mtupu.

Hiyo ya glasi ina hadithi ambayo siwezi kuiruka. Mwaka 1967 Larry Hench, mtu wa vioo na kauri kule Florida, alikuwa kwenye basi kuelekea mkutanoni, akakaa na kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka Vietnam. Kanali akamwambia askari wanakatwa viungo kwa sababu mwili unavikataa vyuma na plastiki, je unaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa? Hench akafikiria, mfupa una kalisiamu na fosfeti, basi akatengeneza glasi yenye hivyo vitu, silika asilimia 45, akaiweka kwenye mfupa wa paja la panya mwaka 1969, na baada ya wiki sita ikashindikana kung'oka, imeungana na mfupa. Na tazama ilivyorudi kwetu: mwaka 1988 koni za glasi hiyo zikaanza kutumika kuwekwa ndani ya mashimo ya meno yaliyong'olewa ili taya isiporomoke. Miaka mitano baadaye ikaja ya punje, ambayo inafuata umbo la shimo lenyewe badala ya shimo kulazimishwa lifuate koni.

Kuna na ile njia ya kuuamrisha mfupa uote. Marshall Urist mwaka 1965 aliweka mfupa ulioondolewa madini ndani ya msuli, mahali ambapo mfupa hauna kazi, na mfupa ukaota. Kilichokuwa humo ni protini za kuamsha mfupa, mojawapo sasa inatengenezwa maabara, inaloweshwa kwenye sifongo ya kolajeni, na Marekani waliiruhusu kwa mashimo ya meno mwaka 2007. Ina nguvu, na uvimbe wake nao una nguvu.

Juu ya punje kunawekwa utando, na sababu yake ni mbio. Seli za fizi zinakimbia kuliko za mfupa, zikiachiwa zitaingia shimoni kwanza na kulijaza nyama. Utando wa kolajeni unazisimamisha mlangoni kwa wiki kadhaa mpaka za mfupa zifike.

Na kuna hii ya damu yako mwenyewe, PRF, yaani fibrini yenye chembe sahani nyingi, aliyoianzisha Mfaransa Joseph Choukroun mwaka 2001. Wanakutoa damu mkononi kwenye chupa isiyo na dawa yoyote ya kuzuia kuganda, haraka haraka inaingia kwenye mashine ya kuzungusha, kama mizunguko 2,700 mpaka 3,000 kwa dakika, dakika 10 mpaka 12. Ikitoka ina tabaka tatu, chini nyekundu, juu maji ya njano, katikati donge la rangi ya asali linalotetemeka. Wanalivuta kwa koleo, wanakata wekundu wa chini, wanalikandamiza linakuwa karatasi laini. Niliguswa sana kuona hilo kwa macho, kwa sababu ni ule wavu wa fibrini uliokuwa unajaribu kujisuka kwenye shimo la mama usiku ule, hapa umesukwa nje na kurudishwa ukiwa mzima, na chembe sahani zake zinaachia vichocheo vya kupona kwa siku kadhaa. Maumivu yanapungua, fizi inajifunga vizuri, shimo kavu linapungua. Lakini kuzuia taya isipungue upana, hapo punje zinaishinda, PRF ni laini, haishiki ukuta. Wanaotangaza kwamba inaotesha mfupa peke yake wanaipa sifa isiyo yake.

Na punje zenyewe tusizipe sifa isiyo yake. Ukijumlisha tafiti, shimo lililojazwa linaokoa wastani wa kama milimita 2 za upana ukilinganisha na lililoachwa. Hazizuii kila kitu. Ila milimita 2 kwenye taya ya mtu ndo tofauti kati ya implanti kuingia moja kwa moja na kuanza kujengewa ukuta kwa upasuaji mwingine, mimi ni shahidi. Sio kila shimo linahitaji, gego la mwisho ambalo hutaweka kitu pale waache damu ifanye kazi yake. Penye usaha mwingi daktari anaweza kutaka pasafishike kwanza. Mtu aliyetumia dawa za kuimarisha mifupa, zile za ugonjwa wa mifupa dhaifu au za saratani iliyofika mifupani, aseme kabla hata ya sindano ya ganzi, maana kuna taya zinazokataa kupona kwa sababu ya dawa hizo. Na uliza kilichomo kimetoka kwa nani au kwa mnyama gani. Jelatini na kolajeni nyingi ni za ng'ombe au nguruwe, na mtu ana haki ya kujua kinachoachwa mwilini mwake kabla hakijaachwa.

Mwaka jana jino langu la jirani na lile pengo likapasuka kwa urefu, halikuwa la kuokoa. Safari hii nilienda na maswali. Daktari hakung'oa kwa kuvuta, alikaa na kichuma chembamba akikata zile nyuzi kuzunguka mzizi taratibu, karibu dakika arobaini, ukuta wa nje haukuguswa. Akakwangua nyama mbovu mpaka damu safi ikachomoza kutoka kwenye mfupa, akasema hii ndo ninayoitaka, shimo kavu halioti kitu. Akamimina punje kwenye kikombe kidogo cha chuma, akazichanganya na damu yangu, zikashikana kama mchanga wa pwani uliolowa, akaziweka kidogo kidogo bila kushindilia, kwa sababu ukishindilia mishipa haina pa kupita. Utando juu, uzi unaopishana, gozi. Wiki ya kwanza nilikuwa nahisi punje moja moja zimetoka kwenye ulimi, chache, nilishaambiwa zitatoka.

Baada ya miezi mitano akafungua kwa ajili ya implanti, na badala ya kutoboa kwa keekee ya kawaida akatumia yenye uwazi katikati, akatoa kijiti cha mfupa chembamba kama cha kiberiti, akakiweka kwenye gozi chini ya taa. Nilimwomba nikipige picha.

Jioni nikampelekea mama ile simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo chote, akavaa miwani, akanyamaza kidogo.

"Hivi vyeupe ndo vya ng'ombe?"

"Ndiyo mama."

"Na hapa katikati, hapa pekundu panapovishikilia?"

"Hapo ni mimi."

Akakaa nayo ile picha, ulimi wake ukiwa unapita pale kwenye pengo la gego lake, huku na huku.